Mtoto anasaza kila mlo? Tuanze na upawa kabla ya kumlaumu

Habari zenu wanajamvi.

Malalamiko ya mtoto kutokula hayaishi humu. "Mwanangu hali." "Anachezea chakula." "Kila siku namwaga sahani nzima." Nimekuwa nikijibu kipande kipande kwenye nyuzi za watu, leo nimeona niyaweke pamoja. Nina watoto watatu, na kazi yangu ni kulea watoto wadogo kituoni, kwa hiyo suala hili nakutana nalo mchana na jioni. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Msimamo wangu ni huu: chakula kingi tunachosema kimeharibiwa na mtoto, sisi wakubwa tulishakipoteza wakati tunapakua. Tunapakua kwa kipimo cha hofu yetu, hofu kwamba mtoto atakonda, atalala njaa, tutaonekana hatumlishi. Tumbo lake halimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Angalieni ukuaji wenyewe. Mtoto akitimiza mwaka 1 huwa na uzito wa karibu mara 3 ya ule aliozaliwa nao. Aliyezaliwa na kilo 3 anafika kama kilo 9. Baada ya hapo kasi inashuka sana: mwaka wa pili anaongeza kilo 2 au 3 hivi, na miaka inayofuata kama kilo 2 kwa mwaka. Mwili ukipunguza kasi, hamu ya kula nayo inapungua. Hapo ndipo mzazi anasema "alikuwa anakula vizuri, sijui kapatwa na nini". Mara nyingi hajapatwa na chochote, ila sisi tunaendelea kumwongezea chakula kwa kuwa "amekua", wakati yeye anahitaji kidogo kuliko tunavyodhani.

Tena mtoto hali kiasi kilekile kila mlo. Asubuhi anafuta bakuli, mchana anaonja tu, jioni hataki hata kukaa. Ukimpima kwa mlo mmoja utaumwa kichwa bure. Mpime kwa wiki nzima, utaona hesabu zinakaa sawa.

Apakuliwe kiasi gani? Kipimo cha kuanzia ambacho wataalamu wengi wa lishe hukitumia ni kijiko kimoja cha mezani cha kila aina ya chakula kwa kila mwaka wa umri. Wa miaka 2 anaanza na vijiko 2 vya wali, 2 vya maharage, 2 vya mboga. Wa miaka 3, vijiko 3 vya kila kimoja. Hicho si kikomo. Akimaliza na anataka tena, aongezwe bila maswali. Ila jaribuni kuweka vijiko viwili vya wali kwenye sahani ya mtu mzima: vinaonekana kama vimedondoka kwa bahati mbaya, na mkono unakwenda wenyewe kuongeza. Ndiyo maana nasisitiza sahani ndogo au kibakuli. Chakula kilekile kinajaa macho, na roho ya mpakuaji inatulia.

Kuna jambo la usafi hapa ambalo watu hulipita. Chakula kilichobaki kwenye sufuria bado ni chakula: kinafunikwa, kinahifadhiwa, kesho kinaliwa. Kilichobaki kwenye sahani ya mtoto kimeshikwashikwa, kijiko kimetoka mdomoni na kurudi mara nyingi, mate yameingia, na mate yanaingiza vijidudu vinavyokichachusha haraka. Hakifai kuwekwa kwa ajili ya baadaye. Kwa hiyo kila kijiko cha ziada unachopakua "akipenda atakula" unakiondoa mahali salama na kukipeleka mahali ambapo kisipoliwa hapohapo kimepotea.

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, akiwemo Leann Birch ambaye alitumia miaka mingi kuchunguza ulaji wa watoto wadogo, waliwapakulia watoto wa umri wa chekechea mlo mkuu mara mbili ya kiasi cha kawaida. Watoto wakala mlo huo zaidi kwa karibu asilimia 25, wakiongeza ukubwa wa matonge. Walipoachiwa wajipakulie wenyewe, wakala asilimia 25 pungufu ya walivyokula kwenye sahani kubwa. Maana yake sahani kubwa haitupi hasara ya jalalani tu. Inamfundisha mtoto kula kwa macho.

Hapo naingia kwenye "maliza sahani yako", na najua wengi hatutaelewana. Mtoto aliyeshiba ukamsukumia vijiko vitano vya mwisho, chakula hicho hujakiokoa, umekihamisha kutoka sahani kwenda tumboni ambako hakina kazi. Na mbinu hiyo inajigeuka yenyewe. Kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2006, watoto waliokuwa wakihimizwa kila mara wamalize supu waliila kidogo kuliko walipoachwa wale kwa amani, na waliisema vibaya zaidi. Zawadi nayo ina shida: ukisema "maliza mboga nikupe biskuti" umemtangazia kwamba mboga ni adhabu na biskuti ndiyo chakula.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliugawa wajibu huu kwa namna ambayo naifuata hadi leo: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Watu wengi wanaipenda nusu ya pili wanasahau ya kwanza. Kumwacha mtoto aamue kiasi si kumpa uhuru wa kuagiza. Akikataa kilichopo, hakipikwi kingine. Lakini hakikisha mezani kuna angalau kitu kimoja unachojua anakikubali, asiondoke mikono mitupu.

Saa za kula nazo ni muhimu kuliko mapishi. Milo mitatu na vitafunio mara mbili, vikipishana saa mbili na nusu hadi tatu, na katikati maji tu. Mtoto anayezunguka na kikombe cha juisi au kipande cha mkate mkononi siku nzima anafika mezani ameshiba nusu. Maziwa ndiyo yanawapita wengi. Kwa mtoto aliyevuka mwaka 1, maziwa ya ng'ombe yakizidi kama nusu lita hadi mililita 700 kwa siku yanachukua nafasi ya chakula, na hayana madini ya chuma ya kutosha. Nimeona watoto "wasiokula" ambao tatizo lao lote lilikuwa chupa. Juisi, hata ya tunda halisi, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2017 isipewe kabisa chini ya mwaka 1, na kwa wa mwaka 1 hadi 3 isizidi mililita 120 kwa siku.

Chakula kipya kina kanuni yake. Kuanzia kama miaka 2 watoto wengi huogopa chakula wasichokijua, hata kile walichokila wakiwa wachanga. Mara nyingi anahitaji kukutana nacho mara 8 hadi 15 ndipo akikubali. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu kwa sababu wanaona wanatupa. Basi msitupe. Kwenye kukutana huko weka kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Akikinusa, akikilamba, akakitema, amejifunza kitu na umepoteza ukucha mmoja wa karoti.

Karibuni tujadili.

Babu Mlezi:
Mwanangu, nimesoma yote. Nalea wajukuu, na sikubaliani na hili la kuacha chakula sahanini. Sisi tulifundishwa kumaliza. Chakula ni jasho la mtu. Mtoto akizoea kusaza na hakuna anayemwambia kitu, atakua hajui thamani ya chochote.

Mleta uzi:
Shikamoo mzee wangu. Nia yako naikubali yote, na ndiyo iliyonifanya niandike. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 chakula tani bilioni 1.05 kilitupwa duniani katika hatua ya walaji, na tani milioni 631 kati ya hizo zilitoka majumbani, si mahotelini wala madukani. Mwaka huohuo watu kati ya milioni 691 na 783 walikuwa na njaa. Kwa hiyo sisemi kusaza ni jambo dogo.

Ninachoomba ni kuhamisha mahali pa nidhamu. Badala ya nidhamu kuja mwisho, mtoto akiwa ameshiba na analia, ije mwanzo wakati wa kupakua. Mpe mjukuu wa miaka 3 kijiko kidogo ajipakulie, mwambie: "Chukua kidogo, kikiisha kipo kingine." Akichukua kingi akashindwa, usimpige wala usimlazimishe, mwambie tu kesho aanze na kidogo. Baada ya muda utamkuta anapima mwenyewe. Mtoto anayejipima ana heshima na chakula kuliko anayemeza ili aruhusiwe kuondoka. Na ajue kilikotoka: achambue mboga na wewe, aoshe matunda, akoroge bakuli. Kituoni kwetu mtoto aliyemenya maharage kwa vidole vyake hataki hata moja lianguke.

Babu Mlezi:
Marahaba. La kijiko kidogo nitalijaribu, maana wa kike anapenda kujifanyia mambo. Lakini kusema "umemaliza?" sitaacha.

Mleta uzi:
Uliza tu mzee, mradi "hapana, nimeshiba" nayo iwe jibu linalokubalika.

Mama Mapacha:
Asante kwa uzi. Wangu wana miaka miwili na nusu. Mmoja anafuta sahani, mwingine anaacha zaidi ya nusu. Nilikuwa namhamishia yule mlaji kile alichoacha mwenzake ili kisipotee, au nakila mimi. Kuna ubaya?

Mleta uzi:
Dada, mambo mawili. La kwanza, mate. Mmoja akiwa na mafua, vidonda vya mdomo au ameanza kuharisha, umempelekea mwenzake kwa kijiko. La pili ndilo linanisumbua zaidi: yule mlaji anakuwa pipa la nyumba. Anajifunza kwamba kushiba hakuhesabiki iwapo chakula bado kipo. Na wewe vilevile, mama anayekula makombo juu ya mlo wake kila siku anajidhulumu mwili wake.

Weka bakuli katikati ya meza. Wote wawili waanze na kiasi kidogo sana, kilekile. Mlaji ataongezwa kutoka bakulini, mwenzake ataacha kidogo au hataacha. Hapo kinachobaki kinabaki kikiwa safi. Na tafadhali msiwalinganishe mbele yao. "Ona mwenzako kamaliza" inamuumiza yule wa pili na kumharibu yule wa kwanza.

Baba wa Mmoja:
Mkuu, wangu ana miezi 9. Yeye hasazi, anarusha. Unamwekea vipande kwenye trei ya kiti, anavisukuma chini kimoja kimoja huku ananiangalia usoni. Naokota, anarusha tena. Ni utundu au ameshiba?

Mleta uzi:
Ndugu, utundu bado sana kwa umri huo. Kwenye miezi 8 hadi 12 anajifunza kuachia kitu kwa makusudi. Kabla ya hapo alijua kushika tu. Kwake kuona kipande kinaanguka, kinalia "pwa", na baba anainama, ni ugunduzi mkubwa. Kadiri unavyookota na kurudisha ndivyo unavyoendeleza somo.

Trei usiijaze. Weka vipande viwili au vitatu laini, vya kushikika kwa ngumi au kwa kidole gumba na cha shahada, kulingana na alipofikia. Vikiisha, weka viwili vingine. Hata akivirusha vyote hasara ni vipande viwili. Halafu angalia mwanzo na mwisho wa mlo. Akirusha baada ya kula kwa bidii, akageuza kichwa, akafunga mdomo, akasukuma kijiko, hiyo ni lugha ya kushiba. Mfute mikono, mshushe. Akirusha tangu dakika ya kwanza, pengine hana njaa, kanyonya muda si mrefu au ana usingizi. Umri huo bado maziwa ya mama yanabeba sehemu kubwa ya mahitaji yake, usiogope. Na usikae mbali na mtoto anayekula: vipande vigumu, karanga nzima na matunda ya mviringo yasiyokatwa yanakaba koo.

Baba wa Mmoja:
Hilo la kuweka viwili viwili sikuwahi kuliwaza. Nashukuru.

Nesi Mstaafu:
Mada nzuri. Naomba niongeze upande wa afya, isije mtu akasoma "mtoto anajua kiasi chake" akakaa nyumbani na mgonjwa. Mtoto mwenye afya anajua kiasi chake. Mwenye upungufu wa damu hamu inapotea, na kutokula kunazidisha upungufu. Minyoo, vidonda vya mdomo, meno yanayoota, masikio yanayouma, na choo kigumu, vyote vinamkatisha kula. Choo hasa kinasahaulika: mtoto ambaye hajapata choo siku kadhaa tumbo limejaa, chakula kitapita wapi?

Nendeni kliniki mkiona uzito umesimama au unashuka kwenye chati ya ukuaji, anatapika mara kwa mara, anakohoa au kupaliwa karibu kila anapokula, amelegea, au orodha ya vyakula anavyokubali inazidi kufupika hadi vimebaki vichache na akiona kingine anapata hofu ya kweli. Huyo wa mwisho si mkaidi. Anahitaji mtaalamu, na kumlazimisha kutamrudisha nyuma.

Mleta uzi:
Shikamoo mama, asante sana. Chati ya ukuaji ndiyo hakimu. Mstari ukipanda vizuri na mtoto anacheza, sahani iliyobaki na chakula haina la kututisha.

Mpita Njia:
Wangu wa miaka 4 anamaliza kila kitu bila shida akiwekewa katuni. Nikizima, hali. Kwa hiyo nawasha. Chakula hakipotei. Kosa liko wapi?

Mleta uzi:
Kosa ni kwamba anayekula pale hayupo. Akili iko kwenye skrini, mdomo unafunguka kwa mazoea. Ishara ya tumbo kwamba limejaa inafika na haina wa kuipokea. Leo chakula hakipotei kwa sababu kinaingia bila yeye kujua. Ukizima, anarudi kwenye tumbo ambalo hajawahi kuzoea kulisikiliza.

Kuzima kuna gharama siku za mwanzo. Punguza kipimo siku hizo uwe umejiandaa, maana atakula kidogo. Kaa naye mezani, nawe ule chakula kilekile. Ongea habari nyingine kabisa, usihesabu matonge yake kwa sauti. Dakika 20 hadi 30 zikiisha, mlo umekwisha. Ondoa sahani kwa uso wa kawaida, hakuna kuzozana, na kitafunio kijacho kije kwa saa yake. Kinachowashinda wengi ni lile saa moja baadaye, akisema ana njaa. Mwambie kwa upole muda wa kula unakaribia, mpe maji. Ukimpa biskuti hapo, kesho ataruka mlo akiisubiri.

Mpita Njia:
Hilo saa moja ndilo linanishinda kweli. Nitajaribu kuanza siku ya mapumziko.

Dada wa Jikoni:
Swali la vitendo. Kilichobaki kwenye sufuria kinakaa muda gani? Mtoto mdogo anaweza kupewa kiporo?

Mleta uzi:
Anaweza, kwa masharti. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na friji iwe chini ya nyuzi joto 5 za Selsiasi. Kwenye joto kali fupisha zaidi. Tenga chakula cha mtoto cha kesho mapema, kabla watu hawajaanza kula, kwenye chombo kidogo chenye mfuniko. Ukikipasha, kipashe hadi kitoe moshi katikati na si pembeni tu, kisha kipoe kiasi cha kulika. Pasha kile atakachokula tu, na ukishakipasha usikirudishe friji tena.

Wali uchunge zaidi ya vingine. Una kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na wali ukikaa kwenye joto la kawaida kinazaliana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Kwa hiyo wali uliolala mezani usiku kucha, hata ukichemka vipi asubuhi, mtoto asipewe. Utandaze kwenye sahani pana upoe haraka, kisha uingie friji. Mwenye friza agandishe supu na mboga zilizopondwa kwenye trei ya barafu, atoe kete mbili tatu kila anapohitaji.

Dada wa Jikoni:
Na maziwa ya kopo aliyoacha nusu kwenye chupa?

Mleta uzi:
Hayo yamwagwe, dada. Akishaweka mdomo, mate yameingia kwenye chupa, na maziwa yanaharibika upesi kuliko karibu kila kitu. Usiyaweke kwa mlo ujao hata kwenye friji. Kama mara kwa mara anaacha nusu, tengeneza kiasi kidogo kwa kufuata kipimo cha maji na unga kilichoandikwa kwenye kopo, usipunguze unga kwa jicho, na maji yawe tayari karibu nawe ili akitafuta tena usichelewe kumtengenezea nyingine.